Mama wa Wote, Kasoro Mmoja

Kiwandani walimwita Mama Kola, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati na kwa sababu siku hizi alikuwa na mtoto. Msimamizi, mzee mwenye wajukuu, alimwita mama. Muuza nyanya wa njiani alimwita mama hata siku ambazo hakununua kitu. Mwenye nyumba alimwita mama alipokuja kugomba juu ya maji. Lugha yetu haina choyo na neno hilo. Mwanamke akishafika umri fulani hupewa tu, kama vile dukani wanavyokupa pipi wakikosa chenji. Mtu mmoja tu hakumwita hivyo, na huyo alikuwa amemzaa mwenyewe.

Na kumzaa hakukuwa mchezo. Siku mbili za uchungu, kisha kisu. Alipozinduka na kuwekewa kifuani yule binti mwenye uso uliokunjamana, hakuhisi furaha kwanza. Alihisi hofu. Sasa siruhusiwi kufa, alijiambia, na tangu hapo akawa anavuka barabara kwa kutazama mara tatu. Mwili nao ulimgeuka. Miguu iliongezeka namba moja ya kiatu na haikurudi tena. Nywele za mbele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu. Mshono ulimwasha kila mvua ilipotaka kunyesha, na akipiga chafya mkojo ulimponyoka, jambo ambalo hakuna shangazi hata mmoja aliyemdokezea. Waliomwambia uzazi unampendeza walikuwa wanaume, au wanawake waliosahau. Lakini hakujuta. Alimpenda mtoto yule kiasi cha kuweka sikio puani mwake akilala, ahakikishe anapumua.

Miezi mitatu ya likizo ikakatika, akarudi kwenye mashine. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo mpakani, kesho Mungu ndiye anayejua. Kwa hiyo Mama Kola alimwomba mdogo wake wa kike, aliyekuwa amemaliza shule na hajapata kazi, aje amsaidie kulea. Yule mdogo mtu alikuja na begi moja na moyo mkunjufu. Tangu hapo Mama Kola aliondoka mtoto akiwa bado amelala, akarudi mtoto akiwa ameshaogeshwa.

Katikati ya hapo kulikuwa na kola mia tatu. Unashona ukingo, unakata pembe, unageuza ndani nje, unasukuma ncha kwa kijiti mpaka ikae sawa. Ikifika saa nne maziwa yalianza kumjaa na kulowesha ovaroli. Saa saba, wenzake wakila, alijifungia chooni akayakamua. Friji haikuwapo, basi aliyamwaga kwenye sinki, akafungua bomba, akasimama mpaka weupe wote uishe. Siku za mwanzo alilia. Baadaye akazoea, na mtoto alipofika mwezi wa nane maziwa yakakauka yenyewe.

Mtoto alipoanza kusema, mdogo mtu alimfundisha kwa haki kabisa. Alijigonga kifua. "Mimi mama mdogo. Haya sema, mama mdogo." Kwa ulimi wa mtoto wa mwaka mmoja hilo ni furushi zito. Mtoto akabeba nusu ya kwanza, akaiacha ya pili njiani. Mama! Na yule anayerudi jioni na nyuzi kwenye nywele je? Huyo, mdogo mtu alimwita kama alivyomwita maisha yote: Dada karibu, Dada chai yako hii hapa, Dada njoo uone binti yako alivyojipaka uji. Mtoto akasikia, akashika. Mama ni wa mchana, Dada ni wa jioni.

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. "Kwani kakosea?" alisema mumewe, ambaye alionekana nyumbani mara mbili kwa mwezi na bado aliitwa Baba bila kosa, tena kwa kurukiwa shingoni. "Mama mdogo si mama?" Bibi wa mtoto naye akasema kwenye simu, "Mshukuru Mungu, mwanao ana mama wawili." Mama Kola alicheka pamoja nao. Angesema nini? Lugha yenyewe ilikuwa upande wa mdogo wake.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alimpakata mtoto na kumfundisha.

"Mimi nani?"

"Dada."

"Mimi mama. Sema mama."

Mtoto alitabasamu, akanyoosha kidole jikoni kwa aliyekuwa akimenya vitunguu. "Mama," alisema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni nyumba anayoitafuta.

Kisha ikaja ile Jumapili nyingine. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minane, anakimbia kama mwenye mbio za kukodi, zinazotakiwa kurudishwa. Alijikwaa kizingitini, paji la uso likapiga sakafu. Mama Kola alikuwa hatua moja tu kutoka pale. Alimnyanyua, akamkumbatia, akaanza kumpuliza. Mtoto alipofumbua macho na kuona ni mikono ya nani, alijinyonga, akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. "Mama! Mama!" alilia, akimnyooshea mikono mdogo mtu aliyekuja mbio kutoka uani. Mama Kola akampa. Mtoto akanyamaza papo hapo.

"Wiki hii urudi nyumbani," Mama Kola alisema.

"Dada, nimekosa nini? Nilikuwa naanika nguo, sikuwa hata..."

"Hujakosa kitu. Wewe ndiye hukosi kitu humu ndani! Zaa wako basi, uone!"

Maneno yakishatoka hayana pa kurudi. Mdogo mtu alimpangusa mtoto paji la uso. Kisha alisema tu, "Mchana hulala akipapaswa mgongo, Dada. Polepole. Ukiharakisha haji usingizi."

Mama Kola alichukua likizo ya wiki mbili, na jirani akakubali kumwangalia mtoto baada ya hapo. Alhamisi mchana, mtoto akiwa amelala, mdogo mtu akabeba begi lake akaondoka kwa kunyata. Walikubaliana hivyo ili kusiwe na kilio. Kosa hilo walilifanya pamoja.

Mtoto alipoamka alikwenda jikoni. Akaenda uani, akaenda bafuni, akafunua pazia, akainama kuchungulia chini ya kitanda. "Mama?" aliuliza kila mahali, kwa sauti ya kawaida. Kisha akaanza kulia, na kilio kile hakikuwa cha njaa wala cha deko. Siku mbili uji ulirudi kikombeni. Mama Kola alimpapasa mgongo polepole, kama alivyoagizwa, na mtoto akajisogeza ukutani ili mkono ule usimfikie. Hapo moyo ukamkatika Mama Kola, maana aliona wazi alichokifanya. Alikuwa amemnyang'anya mtoto wake mama, tena mama aliyemtafutia mwenyewe.

Siku ya tatu akapiga simu nyumbani kwao, akaweka sauti ya juu, mtoto akiwa mapajani.

"Umekula, kipenzi changu?" sauti ya mdogo mtu ikatoka.

Mtoto aliganda. Akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama!" akasema, na akacheka, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi.

Sauti ya mdogo mtu ikabadilika. "Mimi siyo, mpenzi. Mama yako ndiye huyo aliyekupakata. Mgeukie. Mwite. Sema mama."

Mtoto aligeuka, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kuanzia paji mpaka kidevu, na Mama Kola akaomba moyoni kama hajawahi kuomba hata siku ile ya kisu. Mtoto akateremka mapajani. Akaenda mpaka mlangoni, akaupiga kwa kiganja.

"Dada," alisema, "fungua."

Akafungua. Mtoto akaketi kwenye ngazi, uso ameuelekeza barabarani. Mama Kola akaketi kando yake, akamfuta kamasi kwa pindo la gauni, na safari hii hakusukumwa. Wakakaa pale wawili, wakimsubiri Mama.