Maganda Ishirini na Mawili

Helmer Wiklund alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu mwezi wa tatu hakuwa amemaliza hata siku moja bila kulaani. Alilaani mashine ya kukereza vyuma, alilaani mafundi wa Denmark waliozikwa zamani hizo, na akikosa cha kulaani aliilaani kahawa aliyoipika mwenyewe. Chanzo cha haya yote ni bunduki ya dada yake.

Bunduki yenyewe haikuwa na kosa lolote. Baba yao alimwachia Gunvor, maana katika watoto wake wawili Gunvor ndiye aliyejaliwa shabaha na Helmer ndiye aliyejaliwa mdomo. Miaka sitini Gunvor aliingia nayo msituni kila Septemba, akakaa kwenye maficho yake juu ya kinamasi, akawaangusha elki, wale paa wakubwa wa kaskazini kama ng'ombe, ambao nyama yao kijiji kizima cha Lövnäset kiliila mpaka Pasaka. Balaa lilikuwa risasi. Bunduki hiyo inakula risasi ya Kidenmark ya kizamani, yenye ukingo mnene matakoni, ambayo huipati dukani hata ukilia machozi ya damu. Muuzaji mmoja wa kule Östersund alimuuliza Helmer, bila hata aibu, kama ameshajaribu makumbusho.

Kwa hiyo watu wa bunduki za namna hiyo hujaza wenyewe. Ukishapiga, unaokota ganda lako tupu kama mtu aliyedondosha meno ya dhahabu, unaliosha, unalitia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi, linarudi kazini. Lakini ganda nalo huchoka. Maganda ya baba yao yalikuwa yameanza kupasuka shingo, na Agosti ya mwaka uliopita, siku ya jaribio la shabaha, yakapasuka manne kwa mpigo. Yaliyobaki Helmer hakuyaamini tena. Na jaribio halina msamaha: kila mwindaji wa kikosi cha kijiji lazima apige picha ya elki inayokimbizwa kwenye reli, kwa bunduki atakayokwenda nayo, kabla Agosti haijaisha. Asiyepita habebi bunduki msituni.

Gunvor alikuwa na miaka themanini na mitatu. Mumewe, Rune, alifariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo alikuwa anapungua mbele ya macho ya mdogo wake, nguo zinamning'inia, chakula anakidonoadonoa. Ila Septemba ikikaribia alikuwa anachangamka, anapaka viatu mafuta, anaanza kuwatania wanaume wa kikosi. Helmer alikuwa amejiwekea kichwani, na hakumwambia mtu, kwamba Septemba moja ikipita dada yake amekaa dirishani, hataiona nyingine. Ndiyo maana Gunvor aliposema bila hiyo bunduki yeye haendi, Helmer hakubishana. Alikwenda kununua maganda ya risasi nyingine kubwa ya Kimarekani, arobaini kwa idadi, ili ayageuze yawe ya Kidenmark.

Ninyi mnasikia kugeuza mnadhani ni kukunja suruali. Unakata urefu. Unapunguza ukingo kwenye mashine, unywele mmoja tu, ukizidisha umeharibu. Unaibana shingo kidogokidogo, unaipasha moto iwe laini, unaitia majini, unabana tena, halafu baada ya saa mbili za kazi unasikia tiki, ganda limepasuka. Helmer alikuwa analitazama hilo ganda lililopasuka kwa muda, analiweka chini taratibu, anatoka nje kulitukana pipa la maji. Alipofika la kumi na nane alikwenda kumwambia mkewe kwamba ameacha. Mkewe akamwambia sawa. Kesho yake asubuhi alikuwa amerudi kwenye mashine, na amekasirika zaidi kwa sababu hakuna aliyemsihi.

Na kila ganda lilihitaji kujaribiwa kwenye bunduki yenyewe, kama linaingia. Bunduki ina kibali cha Gunvor, basi inalala kwenye kabati la chuma la Gunvor, nyumbani kwa Gunvor. Kwa hiyo miezi mitano Helmer alivuka kijiji kila siku na maganda mawili matatu mfukoni, akanywa kahawa ya dada yake, akala mikate yake ya mdalasini, akamlalamikia kuhusu milimita. Gunvor alikuwa anamsikiliza, anasema tu, haya, kesho utajaribu tena.

Jumanne ya mwisho ya Agosti kazi ikaisha. Kati ya arobaini, yalipona ishirini na mawili. Yote yaliingia bundukini vizuri kabisa, Helmer akayapanga ndani ya kopo la kahawa, akaliacha juu ya kabati la jikoni kwa dada yake. Kesho yake angeleta fataki na baruti, Alhamisi wangejaza, Jumamosi jaribio. Usiku ule alilala vizuri mara ya kwanza tangu theluji iyeyuke.

Jumatano asubuhi alikuja na mkoba wake, akanyoosha mkono juu ya kabati, hakuna kopo. Akauliza. Gunvor alikuwa anamenya viazi, hakugeuka. Alisema amesafisha jiko, na jirani yao Sivert, ambaye Jumatano hupita kuwapelekea wazee taka zao uwanjani, kila aina na ndoo yake, ameshapita.

"Kopo la maganda, dada. Kopo lilikuwa na maganda yangu."

"Kopo nimeliweka kwenye mabati," alisema Gunvor. "Mfuniko kwenye plastiki. Yaliyokuwa ndani kwenye vyuma."

Hebu fikiria. Miezi mitano ya mtu, na imechambuliwa. Helmer akatoka na mkoba wake, akiacha mlango wazi.

Uwanja wa taka uko kilomita kumi na moja, kwenye barabara ya kwenda mjini. Helmer alizikata kwa gari akiongea peke yake. Huko makontena yamepangwa kwa mstari, mbao huku, friji kule, vyuma mwisho kabisa, na msimamizi wake ni Annelie, mwanamke mpole mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, ambaye mama yake alisoma darasa moja na Helmer. Helmer hakumsalimia. Alipanda ngazi za kontena la vyuma, akachungulia: yale pale, yanang'aa kwenye kona, juu ya sufuria iliyotoboka.

"Annelie, ninayaona. Niletee ndoano."

"Na mimi nayaona, mzee Helmer," alisema Annelie. "Lakini vitu vikishaingia humo si vyako tena. Ni mali ya halmashauri."

Helmer akaeleza. Alieleza kuhusu ukingo, kuhusu shingo, kuhusu Denmark. Alieleza kwamba hakuna halmashauri duniani yenye kazi na maganda hayo. Annelie alimsikiliza mpaka mwisho, kwa huruma ya kweli, kisha akamwonyesha kibao: hairuhusiwi kuchukua chochote. Akimruhusu yeye leo, kesho watu watakuja kuchukua baiskeli, keshokutwa injini. Helmer akainua mguu kuupitisha juu ya ukingo wa kontena. Mguu wa miaka sabini na minne haukupita, ukabaki umening'inia hapo, na Annelie akamwomba kwa sauti ya chini ashuke asije akavunjika nyonga. Akashuka. Hasira imempanda mpaka masikio yamekuwa mekundu.

Hapo Annelie akakumbuka kwamba ipo njia. Aliyetupa akija mwenyewe, akathibitisha kwamba katupa bila kukusudia, kuna karatasi, anasaini, yeye Annelie anashika ndoano na kuyatoa. Dakika tano tu. Ila wafanye haraka, kwani lori la kubeba kontena linakuja saa nane mchana.

Saa sita na nusu Helmer alikuwa jikoni kwa dada yake tena. Alimwambia avae koti. Gunvor alikausha mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja, akasema labda waache tu. Helmer akasema haachi kitu, hajakaa miezi mitano anapumua vumbi la shaba ili aache. Njia nzima alimhutubia. Kwamba mtu aliyeokota maganda tangu ana miaka kumi anawezaje kuyatupa kwenye vyuma. Kwamba akili yake ilikuwa wapi. Kwamba hivi sasa watakimbizana na muda mpaka Jumamosi, na kama atakosa jaribio kwa sababu ya usafi wa jiko, basi yeye Helmer hatasamehe hilo jiko. Gunvor alikaa na mkoba magotini, akiangalia nje.

Annelie alikuwa ameshaiandaa karatasi juu ya ubao, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu aliisoma kwa sauti: mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kwamba kitu kilichotajwa nimekitupa kwa makosa. Akampa Gunvor kalamu, akamwonyesha mstari. Ndoano ilikuwa imeshaegemezwa kwenye ngazi. Gunvor aliishika kalamu, akainamisha kichwa pembeni kama kuku anayetafuta punje.

"Saini, dada, lori linakuja," alisema Helmer.

"Siwezi kusaini."

"Huwezi vipi?"

"Kwa sababu si kweli," alisema Gunvor. "Sikuyatupa kwa makosa."

Annelie alichukua karatasi yake, akakumbuka kwamba kuna friji kule upande wa pili inahitaji kuangaliwa, akaenda kuiangalia kwa muda mrefu sana. Helmer alibaki ameshika ngazi. Alimuuliza dada yake kama ana homa.

Gunvor akamwambia. Ni macho. Lilianza doa dogo katikati, mwaka jana mwezi wa tisa, na sasa doa ndilo limebaki na katikati haipo. Pembeni anaona: anaona kuta, anaona njia, anaona viazi akivigeuza. Lakini akimtazama mtu usoni, uso haupo. Akitazama kupitia bunduki hakuna kitu. Daktari ameshamwambia macho hayo hayaponi.

"Mwaka jana elki alipita mbele yangu hatua thelathini," alisema. "Nilimsikia anavunja matawi. Nikawaambia nimemwacha kwa sababu ana ndama. Mkanisifu. Nilidanganya mara moja, Helmer, mbele ya kikosi kizima, na haijanitoka. Sitadanganya tena kwa kalamu."

Helmer alijisikia mjinga, na kwa kuwa hakuzoea kujisikia mjinga alikasirika. Akamuuliza kwa nini basi hakusema mwezi wa tatu. Alimwacha akate, abane, apashe, alaani, apasue maganda kumi na nane, amuudhi mkewe, halafu siku yakikamilika anayachambua kwenye vyuma. Mtu mzima hafanyi hivyo. Neno moja tu lingetosha. Angesema tu: Helmer, sioni. Yeye angejua cha kufanya, angeweka vifaa chini, angepumzika.

"Ndiyo," alisema Gunvor. "Ungepumzika."

"Sasa?"

"Sasa tangu Rune afariki, unajua ulikuwa unakuja kwangu mara ngapi kabla ya maganda? Krismasi. Na siku ya kuzaliwa, kama theluji si nyingi." Hakulalamika, alikuwa anahesabu tu. "Miezi mitano umekuja kila siku. Umekaa, umekula, umenipigia kelele. Ningeanzaje kukwambia? Kila ganda likipasuka nilishukuru Mungu. Nilifikiri hutayamaliza."

Lori lilikuja kabla ya saa nane. Dereva alifunga minyororo, kontena likainuliwa, likapita mbele yao, na kwenye ile kona kitu kikang'aa kidogo halafu hakikuonekana tena. Helmer hakumsimamisha. Alimshika dada yake mkono, akampeleka kwenye gari, akamfungia mkanda, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote, akazunguka akakaa kwenye usukani.

"Kesho nakuja saa tatu," alisema, na sauti yake ilikuwa bado ya ugomvi. "Na keshokutwa. Na Jumatatu ya kwanza ya uwindaji nakuja kukuchukua alfajiri, tunakwenda kukaa kwenye maficho yako, na sitaki kusikia neno. Utasikiliza, utanieleza anatokea upande gani. Nitaazima bunduki ya watu wenye akili, yenye risasi za dukani, na Jumamosi naipigia jaribio."

"Hujui kunyamaza, Helmer. Tutakaa mpaka Novemba."

"Tutakaa."

Akapeleka ufunguo kwenye tundu, ukakosa. Akarudia, ukakwaruza pembeni. Gunvor aliusikia unakwaruza mara ya tatu, akageuza uso upande wake, kidogo pembeni, ili amwone.

"Washa gari, mdogo wangu. Viazi nimeviacha majini."

"Sioni tundu," alisema Helmer, na akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Basi sogea huku," alisema Gunvor, akaupapasa mkono wake, akaushika pamoja na ufunguo, akauingiza.