Perege wa Kwenye Karai

Enzi zetu kule Tlawi, Mbulu, samaki wa nyumbani hakuwa na kioo wala taa. Alikuwa na karai. Mimi na dada yangu Paskalina tulivua perege wadogo watano pembezoni mwa ziwa kwa kitenge kikuukuu cha mama, tukawabeba kwenye ndoo hadi nyumbani, maji yakitumwagikia miguuni na sisi tunacheka tu.

Kwetu tulilima na kufuga ng'ombe, samaki hakuliwa. Bibi, mama yake baba, alipochungulia karai alisema hao ni nyoka walioshindwa kukua, akakataza wasiingie jikoni. Tukawaweka kivulini nyuma ya nyumba.

Tuliwapenda kupita kiasi, na hilo ndilo lililowaponza. Asubuhi ugali, mchana ugali, jioni makombo ya makande. Siku ya tatu maji yakawa meupe, yananuka, na samaki wote wako juu wanatweta. Tukayamwaga yote, tukajaza mengine yaliyotoka kisimani muda ule ule, na baridi ya Mbulu mnaijua wenzangu. Kufikia jioni wawili walikuwa wanaelea ubavu. Paskalina alilia mpaka uji ukamshinda.

Mama hakutuchapa. Alituuliza tu kama sisi tungeweza kulala zizini mwezi mzima bila mtu kuzoa samadi. Tangu hapo kila asubuhi tulichota bakuli chache za maji machafu, tukarudishia maji yaliyoshinda juani, tukiyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Chakula kikawa cha kudonoa. Maji yakatakata hadi ukaona mchanga wa chini.

Lakini mmoja wao, tuliyemwita Mwalimu Mkuu kwa ajili ya tumbo lake, akaota utandu mweupe mkiani kama pamba. Akajitenga, hali chakula. Tulikuwa tumeshamchimbia kaburi Bibi alipokuja na kigoda chake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaagiza chumvi, maana ndivyo alivyozoea kuosha vidonda vya ndama. Tukamhamishia mgonjwa kwenye sufuria mbovu. Bibi akakoroga chumvi kidogo, akaonja maji kwa ncha ya kidole, akaongeza chembe. Nikamuuliza kama huyu si nyoka tena.

"Mgonjwa ni mgonjwa," alisema.

Alifanya hivyo siku nne. Siku ya tano Mwalimu Mkuu alipiga mkia akamrushia Bibi maji usoni, naye akacheka hadi akashika mbavu. Kuanzia hapo ukimwamkia shikamoo asubuhi, aliitikia marahaba akiwa ameinamia karai.

Leo mwanangu, hapa Arusha, ana tangi la kioo lenye pampu, chujio na vikaratasi vya kupimia maji. Samaki wake wananenepa wala hawaugui. Kwa hilo sina la kumcheka. Ila huwatazama dakika mbili, akawapiga picha, akarudi kwenye simu yake. Sisi tulilala kifudifudi mbele ya samaki wetu hadi ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, na siku yenyewe tukaiona fupi.