Moja Niliyoifuta, Ikataka Kunikosesha Mke

Aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, anayetaka kunicheka na anicheke nikiwapo. Mie wakati ule nilikuwa nimeposa kwa Mzee Khamis wa Madungu, namtaka binti yake Rukia, na mzee swali lake ni lile lile: "Huyu kijana hasa kazi yake nini?" (Naandika programu za kompyuta chumbani kwa mama, kazi ambayo ukiieleza Chake Chake watu wanakuonea huruma.)

Basi siku moja nasoma kwenye mtandao maelezo ya lugha ya kompyuta, nikakuta mfano una kosa, pameandikwa moja ilhali kompyuta yenyewe inaanza kuhesabu na sifuri, nikafuta moja nikaweka sifuri, nikatuma, wenyewe huko Ulaya wakakubali na jina langu wakaliandika. Si ningenyamaza! Nikamwambia mama nimesahihisha kitabu cha Wazungu. Mama akamwambia Mzee Khamis, Mzee Khamis akaitisha dua ya shukrani nyumbani kwake, pilau na halua, na mwaka wenyewe wa uchaguzi, watu wa chama hiki hawazikani na wa chama kile, lakini siku hiyo walikuja wote, wakakaa pande mbili hawaamkiani.

Nikaunganisha simu na televisheni. "Hapa palikuwa na moja," nikasema, kifua mbele, "nikaifuta, nikaweka sifuri."

Mzee Khamis akavaa miwani.

"Moja ya nani?"

"Si ya mtu, mzee..."

"Ya kwetu au ya kwao?" akauliza mmoja wa upande wa kulia, na wa kushoto naye keshasimama: "Kumbe ndiye huyu anayetubadilishia namba za kura!" (Wallahi, mara ya kwanza mwaka ule pande mbili zinakubaliana jambo, na jambo lenyewe ni mimi.)

"Rudisha moja ya watu," akasema Mzee Khamis, "au posa uisahau."

Nikairudisha, nikatuma. Jibu la mwenye kitabu likaja papo hapo, kwa Kiingereza, kubwa kwenye televisheni: Una wazimu? Hairudi, na usituchezee.

"Anasemaje?" akauliza mzee.

Rukia, ambaye anasomesha Kiingereza, akachungulia kwenye pazia, akasoma, akanitazama.

"Anasema imerudi, baba. Na anakuombeni radhi nyote."

Pilau likaliwa.

Tumeoana, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile nikiona kosa kwenye mtandao nalipita kama sikuliona, na nyumbani kwangu sibishani, maana nikifungua mdomo tu Rukia ananiuliza kwa upole, "Niende nikamsomee baba ule ujumbe?"