Bibi Harusi Hakucheka

Katika picha zote za harusi yangu nimenuna. Mume wangu anacheka hadi fizi zinaonekana, na mimi kando yake nimeinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Kwetu bibi harusi hacheki. Akicheka, watu husema nyumbani alikuwa anateswa na sasa anashukuru kuondoka. Siku ile nusura niharibu kila kitu, maana mume wangu, mgeni wa watu, alijaribu kucheza ngoma yetu na miguu ikamkataa kabisa. Mama akanifinya kiunoni.

"Funga mudomo," alininong'oneza. "Batu batasema tulikuwa tunakutesa."

Nikafunga mdomo. Sikujua kwamba uso ule ungenifuata hadi ubalozini.

Mume wangu alikuja Goma kutoka nchi ya mbali yenye baridi, kufunga mabomba ya maji katika kambi za watu waliokimbia vita, upande wa Lac Vert. Tulifunga ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali, kisha kanisani. Hatukuwa tumemaliza hata kuzoeana vizuri, vita vikakaribia Sake, mji wa jirani. Shirika lake likawaondoa wageni wote kwa siku moja, naye akavuka mpaka na begi moja mgongoni. Mimi nikarudi kwa mama, mtaa wa Ndosho, kungoja visa ya mke.

Dosie ile, faili la maombi, ilinimaliza. Kila karatasi ilitaka muhuri, na kila muhuri ulikuwa kwa mtu ambaye leo hayupo kazini. Kulikuwa pia na picha ndogo za paspoti. Mpiga picha wa Ndosho alinionya, "Usicheke, mama. Bakikuona unacheka, ubalozi banairudisha." Hilo halikunipa shida, nilikuwa na mazoezi.

Kisha nikaitwa kuhojiwa kwa video, kwa sababu ubalozi uko mji mkuu na ndege zilikuwa zimesimama. Kabla ya siku hiyo mume wangu alinipigia simu. Alikuwa amezifungua tena picha za harusi tulizotuma ubalozini, moja baada ya nyingine, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Hakuna hata moja ambamo unacheka," alisema. "Mbona sikuliona hili? Watadhani ulilazimishwa. Au watadhani unanitumia kupata karatasi tu."

Nilimweleza desturi yetu. Akasema yeye ananielewa, lakini wale hawanijui. Mfanyakazi mwenzake alikataliwa visa ya mke kwa sababu walionekana kama watu wasiofahamiana, na mpaka leo anahangaika na rufaa. "Nakuomba," aliniambia, "siku hiyo tabasamu. Tabasamu mwanzo hadi mwisho."

Niliogopa. Bomu unalisikia, unajua linatoka upande gani, unalala chini. Lakini mtu wa ofisini ambaye hajawahi kukuona, anayeweza kusema kwamba mume wako si mume wako, huyo unamkwepa vipi? Nilijaribu tabasamu langu mbele ya kioo cha mama. Lilikuwa baya, lakini sikuwa na lingine.

Siku ya mahojiano nilimwambia mama ajifungie chumbani, kwa kuwa sharti lilikuwa niwe peke yangu. Nilimwomba asikohoe hata kidogo. Kwenye skrini akatokea mwanamke wa miwani, mwenye Kifaransa cha upole. Aliniuliza tulikutana wapi. Nikamwambia penye bomba la maji, nikatabasamu. Aliniuliza mume wangu anapenda kula nini. Nikatabasamu, nikamwambia sombe, yale majani ya muhogo, ingawa humchafua tumbo. Mashavu yalianza kuniuma.

Ndipo akainua karatasi yenye picha yetu.

"Madame, kwa nini hukutabasamu hata mara moja siku ya harusi yako?"

Kabla sijafungua mdomo, silaha kubwa zikalia. Vioo vya dirisha vikatetemeka. Bomu la pili likaanguka, likiwa karibu zaidi. Lakini uso wangu nilikuwa nimeuagiza, na uso ukatii.

"Hiyo ni sauti gani?" akauliza.

"Ni mabomu, madame."

Alinitazama. "Mbona unatabasamu?"

Hapo nilishindwa. Nililia mbele yake kama mtoto. "Kwa sababu ninaogopa," nilimwambia. "Kwetu bibi harusi hacheki kwa sababu anamwacha mama yake. Mama yangu yuko nyuma ya mlango ule, nimemkataza hata kukohoa. Mkisema ndiyo, nitamwacha katika sauti hizi. Mkisema hapana, nimempoteza mume. Niambie wewe, niweke uso gani?"

Aliandika kwa muda mrefu, akanishukuru, skrini ikawa nyeusi. Mama akafungua mlango.

"Bamesema nini?"

"Bado, mama."

"Na umelia?"

"Nimelia."

"Yesu wangu. Sasa bataamini nini?"

Tangu siku hiyo kila simu ikilia nilikimbia uani kuipokea. Watu wa Sake walikuwa wakiingia Ndosho na magodoro vichwani, na mimi nilikuwa nikiogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, bila kujua lipi litafika kwanza.

Lililofika kwanza ni jibu. Wamekubali. Nilipiga kelele uani, kisha nikanyamaza, kwa sababu mama, aliyekuwa akitwanga sombe, mchi ulikuwa umesimama mikononi mwake.

Mume wangu alikuwa akinisubiri ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Nilimwomba mama aondoke nami angalau hadi huko. "Na nyumba itabaki na nani?" alisema, na hakutaka kusikia zaidi. Alinisindikiza hadi Grande Barrière, kivuko cha mpaka, amevaa kitenge kilekile cha harusi yangu. Watu walikuwa wengi, na mizigo, na watoto wanaolia.

"Enda, mama," aliniambia, kama alivyoniita tangu utotoni. "Usigeuke."

Nilivuka, nikageuka. Mama alikuwa anacheka. Mama huyu, aliyenifinya kiunoni, alikuwa anacheka meno yote nje na kunipungia kitambaa, na wapita njia walimtazama kama mzazi anayefurahi kuondokewa na mtoto. Mume wangu alinigusa bega. "Ona alivyofurahi," alisema.

Tabasamu lile nililijua. Ndilo nililomwonyesha yule mwanamke wa miwani wakati vioo vinatetemeka.