Swali la Mama Kisirani

Pale Kibaoni, ukitaka vitumbua vya mchele mpya, vyenye iliki ya kutosha na mafuta yasiyorudiwarudiwa, nenda kwa Theresia. Ila ukifika usiulize kwa Theresia, wala kwa Mama Alphonce, maana utazungushwa mpaka vipoe. Uliza kwa Mama Kisirani. Hapo hata mtoto wa chekechea atakuonyesha mlango, halafu atatimua mbio.

Watu bwana! Mwanamke kazaa, kalea, kamzika mume hapohapo, kamfikisha mwanawe wa pekee mpaka kipaimara, na bado jina la mwanawe halikumkaa. Lililomkaa ni jina la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mama Kisirani ni mhusika wa mchezo wa redio, Ua wa Mzee Lukelo, unaorushwa kila Jumamosi alasiri na redio ndogo ya pale mjini. Ni mama mkwe. Anamsulubu mkwewe Katarina kwa maneno tangu Katarina akiwa bibi harusi, na bonde zima, kuanzia mjini mpaka kwenye madungu ya kulindia mpunga, linamsikiliza na kumlaani kwa raha zake. Sauti ya Mama Kisirani ni sauti ya Theresia.

Tuseme ukweli, mwanzoni aliipenda kazi ile. Alikuwa mjane mpya, nyumba imemwelemea kwa ukimya. Siku moja Mwalimu Gosbert, mstaafu wa Mlabani aliyefundisha Kiswahili sekondari na sasa anatunga michezo, alimkuta akigombana na mtu wa mashine ya kukoboa mpunga. Mwalimu akasimama na kiroba chake begani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, sauti hiyo usiimalizie hapa." Wiki iliyofuata Theresia alikuwa studio, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani, anamfokea Katarina: "Wali huu umempikia nani, mbwa?"

Loh! Maneno hayo yalienea mji mzima. Madereva wa bajaji wakayashika. Mafundi wakayasema wakiletewa chakula. Theresia akipita sokoni watu wanayaimba, naye anawajibu kwa sauti ileile, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nani asingependa?

Lakini kicheko kina mwisho wake, na mwisho wake ni pale watu wanaporudi makwao. Kwenye jumuiya walimpigia makofi, ila ilipofika zamu ya kumfunda bibi harusi, hakuna aliyemwita. Nani amkabidhi mwari kwa Mama Kisirani? Kwa mgonjwa alipopeleka uji, walimpokea kwa utani, wakauweka pembeni. Hakuna aliyemchukia. Walimchekea tu, na hakuna aliyekaa. Jioni alipika wali katika kisufuria kidogo, akala mwenyewe, akaosha sahani moja. Upweke ulimuuma, wala hakuwa na wa kumwambia, maana angeanza kusema wangesubiri sehemu ya kuchekesha.

Tegemeo lake likawa mwanawe Alphonce, ambaye sasa alikuwa ameshahama nyumbani, na siku alipomleta Dorotea, binti wa Idete, kumtambulisha, Theresia alifurahi hata akavaa kitenge cha Pasaka. Binti akaomba apike yeye. Akapika wali ukanyooka, punje moja moja, unanukia ua zima. Akauleta kwa magoti, hathubutu kuinua macho. Theresia alimwonea huruma. Akataka kumchekesha ili woga umtoke. Basi akatumia kile ambacho hakijawahi kumwangusha. Akakunja uso, akapaza ile sauti: "Wali huu umempikia nani, mbwa?"

Dorotea hakucheka. Alikitua kijiko chini taratibu, akatoka, akaenda kulia nyuma ya choo.

"Jamani, si natania!" Theresia alisema. Alphonce alicheka kidogo, kisha akaacha. Baada ya ndoa wakahamia Idete kulima, na safari za mjini zikawa za Alphonce peke yake.

Theresia alijiambia yatapita. Mtoto akizaliwa yatapita, maana mtoto wa kwanza ana bibi zake, na bibi wa upande wa baba ana kazi yake: kuchemsha maji, kumkanda mzazi, kukoroga uji wa pilipili manga, kumwogesha mtoto. Alinunua beseni la bluu kabla hata tumbo halijaonekana vizuri.

Simu ilipokuja alikuwa jikoni, unga mikononi.

"Mama, tumepata wa kike!"

"Asante Mungu! Kesho nachukua bodaboda ya kwanza, mwanangu. Beseni ninalo."

Alphonce akashusha sauti. "Mama, subiri kwanza. Mama yake yupo."

"Yupo, na mimi nipo. Tangu lini mzazi akakandwa na mikono miwili tu?"

"Mama... Dorotea anaiogopa sauti yako."

Theresia alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki.

"Amekua nayo," Alphonce akasema. "Walipokuwa wadogo dunguni, wanaamia ndege, redio ilikuwa moja tu. Bibi yake akimwona anasinzia anamwambia, 'Ndege wakimaliza mpunga, nakuoza kwa Mama Kisirani.' Sasa ndiyo hivyo, mama. Amekuja kuolewa kwake kweli. Na siku ile ya wali... Mpe muda."

Alphonce alikata simu kwa adabu, maskini. Theresia akabaki na unga mikononi mpaka ukakauka. Mafuta yakaungua. Siku hiyo Kibaoni hawakula vitumbua.

Kesho yake alikwenda Mlabani. Mwalimu Gosbert alikuwa barazani, miwani puani, anasahihisha sehemu inayofuata.

"Mwalimu, mbadilishe Mama Kisirani."

"Haiwezekani," Mwalimu alisema bila hata kuinua kichwa. "Mama Kisirani ni mhusika bapa. Mhusika bapa hakui. Hana tumbo wala mgongo, ana upande mmoja tu, na kazi yake ni kuchukiwa ili Katarina apendwe. Ukimgusa huyo, mchezo umelala."

"Mtu hana upande mmoja, Mwalimu. Hata kitumbua ukikiacha upande mmoja kinaungua."

"Huyu si mtu, mama. Ni mhusika."

"Basi kwa nini nanyimwa mjukuu wangu kwa makosa yake?"

Hapo Mwalimu aliinua kichwa. Akavua miwani. Alipoelezwa yote alikuna kidevu, akasema atajaribu. Si mtu mbaya Mwalimu Gosbert, ila amezoea kuwapanga watu kwenye ubao: mkuu kule, msaidizi huku, bapa chini.

Wiki ileile akamletea karatasi. Ndani yake Mama Kisirani anasikia kengele ya kanisa, anaanguka kifudifudi, analia, anatubu makosa yote kwa mpigo, Katarina anamsamehe, kwaya inaingia. Theresia alisoma hadi mwisho, midomo inachezacheza.

"Mwalimu, huyu nani?"

"Si ulitaka abadilike?"

"Nilitaka abadilike yeye. Huyu umemleta mwingine ukamvalisha kitenge chake. Hata mimi nikimsikia simwamini, sembuse mtoto aliyekua akimwogopa?"

"Haya, mjuzi," Mwalimu akasema, kakasirika kidogo. "Niambie wewe, Mama Kisirani anataka nini?"

Theresia aliondoka nalo swali hilo, akalala nalo, akaamka nalo. Alfajiri akigeuza vitumbua aliyapitia maneno yote ya Mama Kisirani, maana anayajua kama sala. Aliyasema polepole, bila ile sauti, jikoni peke yake. Alisikia mama ambaye mwanawe ndiye kila kitu, na mgeni kaja kumchukua. Hilo alilielewa mara moja na halikumpendeza, maana lilikuwa karibu mno na mlango wake. Halafu akagundua jambo lingine. Miaka yote hiyo Mama Kisirani hajamuuliza Katarina swali hata moja akangoja jibu. Wali umempikia nani, mbwa? Hilo nalo swali, lakini nani aliyengoja?

Na wewe Theresia je? Akajikuta anajihoji kwa sauti. Ulimpigia simu mkweo ukamwambia kula, lala, usibebe kuni, vaa sweta. Ulimuuliza nini? Hakukumbuka. Aliona aibu, akakaa chini kwenye mfuko wa mkaa.

Siku ya kurekodi alimwambia Mwalimu hahitaji kengele wala kwaya. Anahitaji ndoo, maji na kata ya kuchotea. Katika mchezo Katarina amejifungua, yuko chumbani. Mama Kisirani anamimina maji. Watu wanasubiri matusi. Badala yake anauliza, kwa sauti ya kawaida, ya mwanamke aliyechoka: "Maji yana joto la kutosha, mwanangu, au niongeze?"

Kisha anangoja.

Justin, fundi mitambo, akaanza kupunga mikono. Kwenye redio kimya ni msiba. Msikilizaji anadhani kituo kimekufa. Theresia akamkazia macho. Kimya kikaendelea. Yule dada aliyeigiza Katarina alisahau hata kujibu, na sehemu ikaishia hapo, swali likining'inia.

Jumamosi ilipofika, mji ulichachamaa. Waliopiga redio makofi walipiga, waliobadilisha betri walibadilisha. Simu zikaingia kituoni: mmemfanya nini Mama Kisirani, kapigwa sindano? Mturudishie wetu! Jumatatu vijana wa bajaji walimwambia amezeeka, hana makali tena. Vitumbua vilinunuliwa, lakini hakuna aliyeimba. Theresia alikuwa akiitazama simu yake tu. Alphonce alipiga, akazungumzia mpunga na ndege waliozidi mwaka huu, akasema mama mkwe wake amerudi kwake naye ndege wasimmalizie shamba. Kuhusu mchezo hakugusia neno. Pengine Idete redio haikushika vizuri. Pengine walizima walipoisikia sauti. Alisubiri aitwe, hakuitwa.

Mwisho akachoka kusubiri. Akafunga beseni kwa khanga, akapanda bodaboda.

Alikuta ua wa mwanawe umefagiliwa. Alphonce hayupo, yuko shambani anawapigia kelele ndege. Mlango wa nyumba uko wazi, pazia limeshushwa. Ndani mtoto alikuwa analia, kile kilio chembamba cha mtoto mchanga, na Theresia akahisi miguu inataka kwenda yenyewe. Akaizuia.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Nani?"

"Mama Alphonce."

Aliyasema hayo taratibu, na sauti ikatoka ileile, angefanya nini, ndiyo aliyopewa. Hata mtoto alinyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uzazi. Niingie?"

Akangoja. Kuku alipita, akapita tena. Kule studio Justin angekuwa ameshavunja meza.

"Bado, mama," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma hasa. Na jibu lilikuwa tayari kinywani, limeshatungwa zamani na Mwalimu Gosbert na kusemwa mara nyingi mbele ya trei za mayai: nyumba ya mwanangu, nani wa kunifungia mlango? Ilibaki kufungua mdomo tu. Theresia akafunga mdomo. Hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi wala wa kumcheka.

"Haya, mwanangu," akasema.

Beseni akaliacha karibu na mlango. Akaenda jikoni nje, akapuliza makaa, akachochea kuni, akabandika sufuria kubwa. Moshi ukamwingia machoni, ukampa kisingizio. Maji yalipochemka aliyamimina kwenye ndoo, akayachanganya kidogo na ya baridi, akaibeba mpaka kwenye pazia na kuitua pale.

"Maji hayo hapo," akasema. "Mimi nakwenda kukaa kule kwenye kinu."

Akaenda kweli, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akageuzia uso upande wa mashamba ili binti asimwone anamtazama. Alisikia ndoo inaburutwa. Alisikia beseni linasogezwa, lile la bluu, linajulikana kwa mlio. Maji yakamwagika kidogo. Akajiambia: nikimaliza kupumzika nitaondoka, nitarudi keshokutwa nichemshe tena, akitaka asitake kuniona. Hilo ninaliweza. Alishaanza kujifunga khanga vizuri kwa safari.

"Mama."

Hakugeuka haraka. Aliogopa.

"Naam."

"Yana joto mno." Dorotea alisita, kama mtu anayejibu jambo aliloulizwa siku nyingi. "Usiongeze ya moto. Niongezee ya baridi."

Theresia akanyanyuka kwenye kinu, machozi yanamtoka, akaanza kutafuta kata.