Bunduki ya Mashoto

Nakumbuka tulikuwa wanne asubuhi ile kwenye uwanja wa shabaha, kaskazini mwa mji wa Fridley, huku ughaibuni: Mzee Mwakio, Mtaita aliyestaafu uuguzi, aliyependa kuwinda kuliko kula, mdogo wangu Barasa, kitinda mimba wetu Nasimiyu, na mimi Wekesa, kifungua mimba, niliyeacha shule darasa la saba wazazi wetu walipofariki. Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi, na Mzee alikuwa ameahidi kumpeleka Nasimiyu porini kwa mara ya kwanza. Tangu tuhamie nchi hii ya theluji sikuwa nimemwona binti yule akingojea jambo kwa furaha namna ile.

Mwanangu, aliyelea wadogo zake kwa vibarua huwa na neno moja mdomoni. Langu lilikuwa "tuvumilie". Viatu vimebana? Tuvumilie. Gari halitoi joto? Tuvumilie. Akiba haiozi, niliwaambia, na kweli haikuoza: iliwasomesha, ikatuvusha bahari.

Sasa Nasimiyu alitaka kubadilisha mkono wa kukoki wa bunduki yake. Ni kile kipande cha nyuma unachokivuta ili risasi iingie chemba. Kina kikomeo kidogo ubavuni, lazima ukibane ndipo kivutike. Alichokitaka yeye kilikuwa na vikomeo vipana, kulia na kushoto. Nilipoona bei yake nilihisi kama nimeumwa na nyuki.

"Hicho ulicho nacho kinavutika," nikasema. "Tuvumilie."

"Kaka, mimi ni mashoto."

"Basi tumia mkono wa kulia kama watu."

Nilikuwa nimemfundisha tangu utotoni kula na kusalimia kwa mkono wa kulia, kama mama yetu angefanya. Sikuona kwa nini bunduki iwe tofauti.

Barasa alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mzee, huyu kaka yetu anasave hata pumzi!"

Mzee Mwakio hakucheka. Aliitoa bunduki risasi zote, akaikagua chemba mara mbili, kisha akanikabidhi. "Wekesa, vaa glavu zako. Iweke bega la kushoto, jicho kwenye darubini. Haya, koki."

Nikadhani ni mchezo. Lakini kikomeo kile kiko ubavu wa kushoto, kimewekwa kwa ajili yetu sisi wa mkono wa kulia, tunaoshika kifyatulio kwa kulia na kukoki kwa kushoto. Sasa ilibidi mkono wangu wa kulia uvuke juu ya bunduki, na hapo juu darubini imeziba njia. Glavu ikateleza. Nikavuta tena, nikapinda kiwiko, nikapinda mgongo, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Simama hapo hapo," Mzee akasema. "Usisogee. Mdomo wa bunduki unatazama wapi?"

Nikainua macho. Ulikuwa unamtazama Barasa na kikombe chake.

"Haki ya Mungu!" Barasa akaruka nyuma ya benchi. "Kaka, hata chai sijamaliza!"

Bunduki ilikuwa tupu, lakini jasho lilinitoka katika baridi ile. Mzee akaichukua taratibu.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akaniambia. "Uvumilivu wako ulijichagulia mwenyewe. Wa huyu unamchagulia wewe. Na mimi siingii porini na mtu ambaye bunduki yake inamgeuza hivi. Amua."

Nikamtazama Nasimiyu. Alikuwa ameinamia viatu vyake, tayari kusema haidhuru, kama nilivyomzoesha. Hilo ndilo lililonishinda.

"Kinunuliwe," nikasema.

Binti akapiga kigelegele hata wapiga shabaha wa mbali wakavua vizuizi vya masikio wajue kuna nini. Barasa naye akachomoza kichwa nyuma ya benchi.

"Na mimi je? Mimi nataka kipande kama hicho, kile chekundu."

"Wewe unatumia kulia na bunduki yako haina darubini," Mzee akamjibu. "Inakusumbua nini?"

"Hainisumbui, Mzee. Ni kizuri tu."

"Basi wewe huumwi, unawashwa. Jikune, mwanangu. Kujikuna ni bure."

Tulikifunga kile kipya siku mbili kabla ya msimu. Nasimiyu akakoki, na mdomo wa bunduki ukabaki umetazama mbele, umetulia. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ada yangu ni paja la kulungu wake wa kwanza," akasema, nami nikakubali mbele ya wote.

Mwanangu, ukitaka kujua kama kitu kinastahili bei yake, usianze na bei. Anza na mkono wa atakayekitumia, na glavu zake, na baridi yake. Kikiwa kilichopo kinamzuia, au kinahatarisha wenzake, nunua wala usinung'unike, maana rahisi hugeuka ghali. Kikiwa kinafanya kazi vyema na wewe umependa rangi tu, jikune ulale. Nawe unayelea wengine, usiwalipishe uvumilivu wako.

Mungu akupe macho ya kutenga maumivu na mwasho, akujalie na ndugu wa kukucheka unapokosea.

Mwaka ule Nasimiyu alirudi na mafua tu. Alimpata kulungu msimu uliofuata, na wakati huo Mzee alikuwa amekwisha kurudi kwao Taita. Kila Krismasi hunipigia simu, na kabla ya salamu huuliza, "Wekesa, paja langu limefika wapi?"

"Liko njiani, Mzee," humjibu. Na bado tunadaiwa.