Mama na Laini ya Buluu

Nilipopata kazi ya kuendesha treni ya chini ya ardhi mjini Stockholm, nilijua kwamba sasa nimefika. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama na mimi tulikuwa tumeingia Uswidi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukitokea Kivu, na tangu hapo nilikuwa nimeshasafisha ofisi, nimeshaogesha wazee, nimeshapanga mikate dukani kabla watu hawajaamka. Sasa nilikabidhiwa sare, ufunguo wa chumba cha dereva na treni nzima ya laini ya buluu, yenye abiria wengi kuliko kanisa letu siku ya Pasaka. Nilinunua keki, nikapanda nayo ngazi hadi nyumbani kwetu, mtaa wa Akalla, nikampa mama habari.

Mama hakuigusa keki. Aliweka mikono mapajani, akasema, "Nilikutoaka mu mashimo, na weye unarudia tena mu shimo?"

Baba yangu alikuwa mchimba dhahabu kule Kamituga. Kila jioni mama alikwenda hadi mdomoni mwa shimo kumwita. Kwetu mwanamke hamwiti mumewe kwa jina lake, humwita kwa jina la mtoto, basi mama aliinama akaita "Baba", kisha akataja jina langu, na kutoka chini sauti ya baba ikajibu, "Niko." Akishaisikia sauti hiyo, mama alirudi nyumbani kupika. Jioni moja, baada ya mvua kubwa, aliita na hakuna aliyejibu. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa mtoto, nimeshika kitenge chake, nasikia jina langu likiitwa shimoni bila kuitikiwa.

Kwa hiyo miaka yote ile ya Stockholm mama hakuwahi kushuka chini. Stesheni ya Akalla imechimbwa ndani ya mwamba, na ngazi yake ya umeme ni ndefu. Mama aliupita mlango wake kwa mbali, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Alikwenda kwa basi popote alipokwenda. Kumtembelea rafiki yake Fittja, upande wa pili wa jiji, ilikuwa safari ya kutwa, na ukimwambia treni ingemfikisha mapema, alikuuliza una haraka gani.

Nilipoanza zamu, akaanza kunipigia simu. Dereva haruhusiwi kushika simu akiwa kazini, na mimi sheria naifuata. Nikitoka nje naikuta simu imejaa miito yake, na nikimpigia, sauti inayopokea inakwaruza. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Ilipofika majira ya baridi aliniambia waziwazi nichague: kazi ile, au usingizi wake.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuzificha. Nilimwambia siachi, nikaenda jikoni kuosha vyombo. Kwa jinsi nilivyozigonga sufuria siku ile, jirani wa chini angeweza kudhani tunahama. Lakini niliumia pia. Nilitaka sana mama anionee fahari, na yeye alikuwa akiniona kama maiti inayokwenda kazini.

Basi nikaamua kumshinda kwa habari. Mwalimu wetu wa udereva alikuwa mzee wa Kiswidi aliyeyapenda mahandaki kuliko likizo, na kila alichotufundisha nilimpelekea mama mezani. Nilimweleza kwamba mambo yalianza upande wa kusini wa jiji, kwa handaki fupi la tramu, kabla ya vita vikuu vya pili. Baada ya vita zikaja treni zenyewe, laini ya kijani kwanza, kisha nyekundu, na katika miaka ya sabini hii yetu ya buluu, iliyopasuliwa kwa baruti ndani ya jiwe gumu. Nilimweleza kwamba kwenye laini yetu hawakuuficha mwamba nyuma ya kuta zilizonyooka. Waliupulizia zege, wakauacha na mabonde na vilima vyake, kisha wakaita wachoraji. Nikamwambia na habari za Tensta, ambako watu walihamia kwenye maghorofa mapya kabla treni haijafika, wakakanyaga matope miaka kadhaa wakiingojea. Hiyo ilimfurahisha. Alitaka kuhakikisha kama hata Waswidi wenyewe walikanyaga matope hayo, nikamwambia ndiyo, na viatu vizuri wamebeba mkononi. Hivyo viatu niliviongeza mwenyewe.

Na yeye akauliza. Maji yanakwenda wapi? Nikamwambia kuna pampu. Nani anaangalia mawe ya juu yasianguke? Nikamwambia wapo mafundi ambao kazi yao ni kuupima mwamba na kubandua jiwe lililolegea. Hewa je? Nilikuwa na jibu la kila kitu na nilianza kujiona mshindi, mpaka alipoweka kijiko chini.

"Bale balichimba," akasema, "bote balitoka?"

Sikujua. Nilimwuliza mwalimu wangu, naye hakunidanganya. Alisema kazi ya baruti ni kazi ya baruti, wapo walioumia na wapo waliokufa, ingawa wengi walizeeka na kuipanda treni pamoja na wajukuu zao. Ningeweza kumfikishia mama nusu ya jibu hilo. Nilimfikishia lote. Mama akasema angalau sasa nimeacha kuongea kama mwuza duka. Kisha akasema atakwenda nami kuiona hiyo treni, lakini atapandia stesheni ya Kista, kwa sababu pale treni inapita juu darajani na mtu anaona mbingu.

Tulikwenda Jumamosi moja ambayo sikuwa na zamu. Pale Kista alipanda vizuri tu, akakaa dirishani akitazama theluji kwenye miti. Treni ilipozama mwambani alinishika kifundo cha mkono, na akanishika hivyo hivyo njia nzima. Kwenye stesheni ya Solna aliona ukuta mwekundu umeinuka mpaka darini, akauliza nani amepaka damu. Nilimwambia ni jua linatua juu ya msitu. Akasema jua la wapi hilo, na nikafurahi, maana mama akianza kubishana ujue moyo umetulia kidogo.

Tukashuka stesheni kuu, ile ambako laini zote tatu hukutana. Ukumbi wa laini ya buluu pale ni mweupe, na majani makubwa ya buluu yametambaa juu ya mwamba. Aliyatazama, mkono wake ukalegea. Nikamwongoza mbele, nikijisifu kimoyomoyo, mpaka tulipofika mahali penye wanaume ukutani. Ni vivuli tu, vya rangi ya buluu, wenye kimo cha mtu halisi: wengine na kofia za kazi, wengine wameinama juu ya vyombo vyao. Mimi nilikuwa nimewapita mara nyingi nikiharakia zamu, na sikuwahi kuwafikiria.

Mama aliniachia mkono. Alirudi nyuma hatua chache, uso umebadilika.

"Umenileta ku makaburi," akasema.

Nikaelewa papo hapo. Wanaume ndani ya jiwe, hawana nyuso, wameganda walipokuwa wakifanya kazi. Mtu aliyeliacha shimo la Kamituga na mumewe ndani angesoma nini kingine? Aligeuka kutafuta ngazi. Watu wenye masanduku walitupita pande zote. Niliogopa kwamba nimempoteza, na kwamba kweli itabidi nichague.

Nikamfuata, nikamwambia taratibu kwamba hawa ndio waliojenga: wachimbaji, mafundi chuma, mafundi mbao. Mchoraji alitaka kuwashukuru, akawachora wakiwa kazini, ili kila anayepita awaone.

"Bale balitoka ao bale balibakia?"

"Wote, Mama. Hakuwatenga."

Alisimama. Akasema kwamba baba yangu hakuna aliyemchora popote. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja jambo lililosahauliwa. Kisha akarudi mwenyewe hadi kwenye ukuta, akajifunga kitenge vizuri juu ya koti, akatembea polepole kutoka kivuli cha kwanza hadi cha mwisho, akiwaambia kwa ile sauti ya chini ambayo kwetu mtu huitumia akipita kando ya wanaolima, "Poleni na kazi. Poleni na kazi, ba baba." Bwana mmoja aliyekuwa amesimama karibu alidhani anasalimiwa, akainamisha kichwa. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Sitasema alibadilika siku ile. Tuliporudi alishukia Kista, akamalizia na basi. Simu zake zilipungua, lakini hazikukoma.

Halafu, siku zilipoanza kuwa ndefu, asubuhi moja nilifikisha treni Akalla. Pale ndipo mwisho wa laini. Dereva hutoka, hutembea jukwaa zima hadi chumba cha upande wa pili, ndipo arudi mjini. Nilikuwa nimefika katikati, kuta za manjano pande zote, nilipomwona mama chini ya ngazi ya umeme, mfuko wa sokoni mkononi. Alikuwa ameshuka peke yake. Hakunisogelea. Aliita kwa nguvu, kana kwamba niko mbali sana chini yake, na watu wakageuka. Aliita jina langu, lile lile la Kamituga, ila safari hii halikuwa na "Baba" mbele yake.

"Niko, Mama," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akapanda ngazi kurudi nyumbani kupika.